Kitufe cha Inshallah

Jumatatu, tarehe tisa Mfungo Tano, baada ya sala ya alfajiri, tulimpoteza Bi Zuhura, mwanamke aliyenifundisha kazi ya kutengeneza programu za kompyuta. Ofisi ilifungwa siku tatu. Mimi nilikuwa nimestaafu wiki mbili kabla, sikuwa na ofisi ya kufunga, nikazima redio.

Swafia na Twaha, nyinyi ndio mlioachiwa ofisi. Mliniomba niwaandikie jinsi programu zetu za zamani zilivyotengenezwa, kwa sababu Bi Zuhura alikuwa na kila kitu kichwani, na maelezo niliyoyaacha mimi ndani ya programu hayasaidii. Mlinionyesha mahali nilipoandika "Msiguse hapa", na chini yake hakuna kitu. Nimefikiri siku nne. Sikumbuki palikuwa na nini. Msiguse.

Nitayaandika mambo kwa kufuatana kwake. Sikusoma sana, niliishia kidato cha pili, basi msitafute humu maneno makubwa. Na lipo jambo moja nililolinyamazia miaka mingi. Nalo nitalisema likifika mahali pake.

Kwanza nilikuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Siku ya kwanza nilikwenda kwa Bi Zuhura nikiwa na brashi mbili na kopo la rangi ya kijani. Ofisi ilikuwa hapo hapo ilipo, juu ya duka la halwa, ngazi kumi na saba, ya tisa mbovu. Aliniagiza niandike juu ya mlango wa chini: PROGRAMU ZA KOMPYUTA ZATENGENEZWA HAPA. Nikaanza kwa herufi nene zenye kivuli, nzuri sana. Nilipofika neno la mwisho, ubao ulikuwa umebakisha nafasi ya herufi mbili. Nikaandika HA, kisha PA nikaishusha chini, ikakaa peke yake.

Bi Zuhura akashuka. Akasimama mbele ya bango, mkono mmoja umeshika buibui, akalitazama kwa muda.

"Ulipima kwanza?"

"Sikupima, Bi Zuhura. Nilikadiria."

"Na hiyo PA huko chini, inamngoja nani?"

Nikamwambia nitafuta nianze upya. Akasema niache, nimfuate juu. Akanionyesha kwenye skrini fomu ya madrasa moja ya Pate, mahali pa kuandika jina la mwanafunzi. Alikuwa ameacha nafasi ya herufi ishirini. Sasa watu wa Pate hujitaja wao, baba, babu, baba wa babu, kisha ukoo. Mtoto mmoja wa kisharifu alikuwa amekatwa njiani, na kwenye cheti chake ukoo ukatoka "Sha".

"Hapa nilikadiria mimi," akasema. "Kaa. Nichoree fomu hii kwenye karatasi, lakini kwanza nenda ukapime majina ya watu."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Bango liko vile vile, na mpaka leo wageni wakipita huuliza PA ni kampuni gani.

Mwaka wa kwanza sikugusa maagizo ya programu hata mstari mmoja. Nilichora fomu kwa penseli na kusafisha kibodi. Msidhani kusafisha kibodi ni kazi ndogo. Hewa ya bahari ilikula chuma, na moshi wa halwa ulipanda ngazi bila kuitwa, ukatua juu ya kila kitu, ukaganda. Ukibonyeza A, inabaki chini, unapata mstari mzima wa A kama mtu anayeng'olewa jino. Sisimizi waliingia ndani ya kompyuta wakafanya makao, na tulipoifungua tulikuta wana njia yao ya kwenda na ya kurudi. Chombo changu cha kwanza katika ufundi huu kilikuwa mswaki. Cha pili kilikuwa mswaki mwingine, kwa sababu ule wa kwanza nilirudi nao nyumbani kwa kusahau, na yaliyotokea asubuhi yake sitayaandika.

Bi Zuhura alikuwa na njia moja ya kutafuta kosa. Mteja akija kulalamika, wengine huirukia kompyuta. Yeye alimweka mteja mbele, akavuta kiti nyuma yake, akanywa kahawa tungu, isiyo na sukari, kimya hata nusu saa. "Usitazame skrini," aliniambia. "Skrini itakuonyesha ulichokiandika wewe. Tazama mkono wa mwenye kazi." Mimi nilidhani ni uvivu wa mtu mzima. Nilipoanza kuandika maagizo mwenyewe nilitazama skrini tu, na nitawaambia nilichovuna.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kuorodhesha bidhaa za dukani. Programu lazima ijue faili zake ziko wapi. Njia ya sawa ni kuiuliza yenyewe: wewe umewekwa wapi? Mimi sikuiuliza. Kwenye kompyuta ya ofisi faili zilikuwa ndani ya folda iliyoitwa ZUHURA, maana kompyuta ni yake, nami nikaliandika jina hilo ndani ya maagizo, sehemu kama thelathini. Ofisini ilikwenda vizuri. Kwa mteja ikagoma, kwa sababu kwa mteja hapakuwa na folda ya jina hilo. Badala ya kurekebisha sehemu thelathini, nikaona ni rahisi kutengeneza folda ya ZUHURA katika kompyuta ya kila mteja. Zikafika kompyuta kumi na moja, kutoka hapa kwetu Amu mpaka Mkokoni, kila moja na Zuhura wake.

Huko Mkokoni mteja wetu alikuwa Bwana Athmani mwenye duka. Siku moja mkewe alifungua kompyuta kutafuta picha za arusi ya dada yake, akamkuta Zuhura. Akatazama zaidi, akaona Zuhura huyu hufunguliwa kila siku, asubuhi na alasiri, isipokuwa Ijumaa mchana. Bwana Athmani akanipigia simu.

"Lali," akasema polepole, "Zuhura ni nani?"

"Ni folda, Bwana Athmani."

"Mwambie huyu."

Simu ikapewa mkewe. Nikamsalimu, nikamwambia ni folda.

"Folda ya nani?"

"Ya Bi Zuhura."

Simu ikakatwa.

Nilipomweleza Bi Zuhura, hakunikaripia. Alichukua mashua ya asubuhi mpaka Mkokoni, yeye na miwani yake na kilo moja ya halwa, umri wake wakati huo umeshapita hamsini, akashinda na mke wa Bwana Athmani kutwa nzima. Aliporudi nikamwuliza mambo yamekwendaje.

"Amenitazama uso, akaridhika hapo hapo," akasema. "Sikupenda alivyoridhika upesi."

Kisha akanikalisha, nikarekebisha zile sehemu thelathini. Zilikuwa thelathini na nne. Vijana wangu, msiandike mahali pa faili kwa mkono ndani ya programu. Na mkilazimika, basi folda muipe jina la mwanamume.

Baada ya hapo nikawa mwangalifu, nikaharibu kwa njia nyingine. Niliwatengenezea wavuvi wa Ndau programu ya kuandika samaki waliopakuliwa, nikaipa akili ya kukumbuka: ukiifunga dirisha lake likiwa mahali fulani, ukiifungua tena linatokea pale pale. Nilijivunia hilo. Ndau walikuwa wameazima skrini kubwa, wakalizoea dirisha kuwa huko mwisho upande wa kulia. Mwenye skrini akaitaka skrini yake. Wakaunganisha ile yao ndogo, na dirisha likaendelea kufunguka kule kule, mahali ambapo sasa hapakuwa na skrini.

Katibu wao akapiga simu. "Programu ipo, jina lake naliona hapa chini, lakini yenyewe siioni. Imejificha."

Dawa yake ni vitufe vinne: unashika Alt na kubonyeza kile kirefu cha nafasi, kisha M, kisha mshale mpaka dirisha lirudi. Nilijaribu kumwelekeza kwa simu. Huko mtandao hupatikana ukisimama juu ya ukuta wa kisima, na kompyuta ilikuwa ndani ya nyumba. Alikuwa akinisikiliza ukutani, anakimbia ndani, anasahau, anarudi. Mara ya sita akasema amechoka, nije.

Nikaenda Ndau. Tulingoja maji yajae ndipo tupite, tukafika adhuhuri. Katika chumba walikuwepo katibu na wazee wanne waliokuja kuona ufundi. Nikakaa, nikabonyeza vile vitufe, nikashika mshale, na dirisha likaingia kutoka kulia taratibu kama mtu aliyechelewa hotubani.

"Basi?" akauliza katibu.

"Basi."

"Umetoka Amu kwa hili?"

"Ndiyo."

Akaona haya kwa niaba yangu. Akainama sikioni. "Kaa kaa kidogo, bwana. Jifanye washughulika. Wali haujaiva."

Nikakaa saa nzima nikilisogeza dirisha huku na huku, na wale wazee wakatazama kwa heshima. Mmoja akasema kazi hii yataka subira. Niliporudi niliongeza mistari minne: programu ikifunguka, itazame kwanza kama mahali inapopakumbuka pangali ndani ya skrini. Mistari minne hiyo ningeiandika mapema, nisingekula ule wali, na ulikuwa wali mzuri.

Sasa nifike kwa Bi Maimuna.

Mtaa wetu una vyombo vya jamaa: masufuria makubwa, masinia, mabirika na majamvi, vinavyoazimwa na kila nyumba yenye arusi, matanga au maulidi. Huwekwa katika stoo moja, na funguo hushikwa na mwanamke mmoja kwa amana. Bi Maimuna alizipokea kwa mama yake. Nani amechukua nini na nani ameweka nafasi ya nini, vyote vilikuwa kichwani mwake, na vichache kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo. Akipita njiani watu walimjua kwa mlio wa zile funguo kabla hawajamwona.

Akina mama wakaona ni wakati wa kompyuta, wakaja kwa Bi Zuhura. Katika chama chao alikuwemo Bi Tima, ambaye kwa muda mrefu alisema vyombo vingetunzwa vizuri zaidi mikononi mwake. Akaweka sharti mbele ya wote: ikifika Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, ambapo kila mtu anataka masufuria, na maombi ya watu hayamo sawasawa katika kompyuta, funguo atazichukua yeye. Bi Maimuna akakubali. Alikuwa mwanamke wa kukubali kwanza na kuogopa baadaye.

Bi Zuhura akatengeneza sehemu ya ndani, ile ya kuhifadhi. Akanipa mimi fomu, kwa kuwa nachora vizuri. Nikaifanya nyepesi: unaandika jina, tarehe, vyombo, unabonyeza HIFADHI, imekwisha. Wiki ya kwanza paka wa Bi Maimuna akalala juu ya kibodi. Tukakuta masufuria mia tisa yameazimwa na mtu anayeitwa kkkkkkk. Nikasema hili naliweza. Nikaongeza kisanduku cha kuuliza. Ukibonyeza HIFADHI, kinatokea: "Una hakika?" na chini yake vitufe viwili, NDIYO na HAPANA. Paka hatajibu swali, nilifikiri. Nikamwonyesha Bi Zuhura kwa haraka akiwa anatoka, akaitikia kwa kichwa. Yeye hakuyasoma maagizo ya kisanduku hicho. Nataka hilo lijulikane.

Miezi miwili ikapita. Bi Maimuna aliketi kila alasiri mbele ya kompyuta, akiandika kwa kidole kimoja, bila kukosa. Kisha asubuhi moja, nyumba tatu zikaja stooni kwa pamoja kumchukua Kadhi. Kadhi ni ile sufuria kubwa kuliko zote. Imeitwa hivyo kwa kuwa karamu zote huishia kwake. Kila nyumba ilisema imeiweka nafasi. Bi Maimuna akafungua kompyuta kutazama nani wa kwanza. Hapakuwa na wa kwanza. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Orodha ilikuwa nyeupe.

Nyumba moja ilimpata Kadhi kwa kuwa walikuja na wanaume wenye nguvu. Nyingine mbili zikapika pilau katika visufuria vya kuokoteza, na moja ya hizo, kwa hesabu niliyopewa, ilikuwa na visufuria kumi na moja, nusu pilau imeungua na nusu ni mbichi. Wageni walipakuliwa nusu kwa nusu ili pasiwe na dhuluma. Bi Tima akaitisha mkutano wa Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na Mfungo Sita ulikuwa mlangoni.

Nilikwenda kwa Bi Maimuna mbio. Nikaandika ombi la uongo, nikabonyeza HIFADHI, nikabonyeza NDIYO, likahifadhiwa. Nikafuta. Nikaandika jingine, likahifadhiwa. Nikatazama kama Windows imekataza programu kuandika katika folda yake, jambo ambalo hutokea sana, haikukataza. Nikatazama kama siku na mwezi vimebadilishana nafasi, jambo ambalo pia hutokea sana, havikubadilishana. Nilifanya hivyo Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Mikononi mwangu programu ilikuwa nzima kama yai.

"Nini, mwanangu?" akaniuliza Bi Maimuna. Alikuwa amekaa juu ya Kadhi, aliyekwisha kurudishwa na kufudikizwa, kwa sababu nilikuwa nimekalia kiti chake.

"Ni umeme, nadhani," nikasema. "Unapungua, kisha unapanda."

Sikuwa na sababu ya kusema ni umeme. Sikuamini mwenyewe. Ni neno tulilokuwa tukilitumia pale tusipojua, na mama yule aliyekuwa karibu kunyang'anywa amana ya mama yake alilipokea kwa adabu, akasema basi yeye hatawasha taa, labda itasaidia.

Jumanne Bi Zuhura akaja nami. Akaukuta ule mpango wa kukaa gizani, akauliza, nikaeleza. Akanitazama. Kisha akamweka Bi Maimuna kwenye kiti, yeye akavuta jamvi, akakaa nyuma yake.

"Dada, andika kama siku zote. Jifanye sisi hatupo."

Bi Maimuna akavaa miwani. Akaandika jina la mwenye arusi, herufi kwa herufi. Akaandika tarehe ya mwezi ujao. Akaandika masinia thelathini. Akabonyeza HIFADHI. Kisanduku kikatokea: "Una hakika?" Akakisoma kwa sauti ndogo, akasema, "Astaghfirullah," akabonyeza HAPANA. Kisanduku kikaondoka, fomu ikawa nyeupe, akasugua mikono kama mtu aliyemaliza kazi.

Nikasogea mbele.

"Bi Maimuna, mbona umebonyeza HAPANA?"

"Si imeniuliza kama nina hakika?"

"Imekuuliza."

"Arusi ni mwezi ujao. Wewe una hakika utafika mwezi ujao, Lali?"

"Sina."

"Sasa ungebonyeza nini?"

Nikageuka kwa Bi Zuhura. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya buibui na mabega yanamtikisika.

"Kila siku?" nikauliza.

"Kila siku. Mashine yenyewe haina adabu, yauliza mambo ya ghaibu, lakini nikiijibu kweli inaniacha. Yatoa ukurasa safi."

Hapo nikaona makosa yangu yalikuwa mawili. La kwanza ni swali. La pili ni kwamba niliandika fomu ifutwe baada ya jibu lolote, liwe NDIYO au HAPANA, kwa sababu nilikuwa na mstari mmoja wa kufuta na nikauweka mahali pabaya. Kama HAPANA ingeacha maandishi yake pale, Bi Maimuna angejua siku ya kwanza. Miezi miwili ya kazi ya mtu mzima ilipotea kwa mstari mmoja uliokaa chini badala ya juu.

"Na kichwani mwako hakuna kilichobaki?" akauliza Bi Zuhura.

"Zamani kingebaki chote," akasema Bi Maimuna. "Mliniambia itakumbuka mashine. Nami nikaacha."

Kurekebisha programu kulichukua asubuhi moja. Kile kisanduku cha kawaida cha Windows hakikubali vitufe vya kujitungia, basi nikachora fomu yangu ndogo. Swali likawa "Niandike?" na vitufe vikawa INSHALLAH na NIRUDI. Ukibonyeza NIRUDI, maandishi yako yanabaki. Na Enter nikaielekeza kwenye NIRUDI, kwa ajili ya paka.

Kurudisha maombi yaliyopotea ndiko kulikochukua siku mbili zilizobaki. Bi Maimuna akavaa buibui, akapita nyumba kwa nyumba, kutoka kwetu mpaka mtaa wa Langoni, mimi nyuma yake na daftari. Akibisha, anasalimu, anauliza kizazi kizima hali zao, kisha anasema, "Yeo hii nimekuja kuwauliza mliniambia nini." Nyumba nyingine walicheka. Moja walimfungulia mlango nusu. Nyumba ya tisa bibi mmoja akamwambia kwamba mama yake asingeuliza. Bi Maimuna akamjibu, "Kweli," akangoja aambiwe tarehe. Nikaandika tarehe. Sikumtazama.

Alhamisi alasiri orodha ilikuwa imechapishwa, kurasa nne, hakuna Kadhi wawili siku moja. Mkutano ulikuwa wa akina mama, ndani. Mimi nilibaki mlangoni nimebeba printa, kwa kuwa Bi Tima alitaka aione ikitoa karatasi mbele yake. Ikatoa. Akazisoma zote nne. Akina mama wakasema funguo zibaki zilipo. Bi Tima hakuwa mtu wa kurudi mikono mitupu.

"Haya. Lakini niambiwe, lile swali la kipuuzi lililotaka kumvunja Maimuna liliandikwa na nani?"

"Programu ni yangu," akasema Bi Zuhura. "Kosa ni langu."

Mimi nilisikia vizuri. Nilikuwa nimebeba printa, lakini hiyo si sababu. Mdomo haukubeba kitu.

Maulidi yakapita salama. Bi Tima aliishi na neno lile miaka mingi, akikutana na Bi Zuhura njiani husema, "Zuhura, una hakika hii ndiyo ndia ya sokoni?" na Bi Zuhura hujibu, "Inshallah." Siku moja nilimwambia Bi Zuhura kwamba nitakwenda kusema ukweli. Akasema nenda. Sikwenda. Hakuniuliza tena. Ndilo jambo nililowaambia ningelisema.

Miaka iliyofuata mnaijua, mingine mlikuwepo. Watu walihamia simu, macho yangu yakapungua, nyinyi mkaja na kompyuta zisizo na sisimizi. Nikastaafu. Kisha ikaja ile Jumatatu.

Hitima ilisomwa siku ya tatu, na vyombo vilivyopikiwa vilikuwa vile vya jamaa. Siku ya nne vilitakiwa stooni, na kwa kuwa mstaafu ndiye asiye na kazi, nikapewa mkokoteni. Bi Maimuna sasa amepita themanini. Nilimkuta kwenye kigoda mlangoni pa stoo, funguo kiunoni, kompyuta ndani nyuma yake. Hapakuwa na mtu mwingine. Nikashusha Kadhi, nikashusha mabirika, kisha nikasema.

"Bi Maimuna, lile swali la hakika, siku zile. Hakuliandika Bi Zuhura. Niliandika mimi. Na ile fomu kufutika ni mimi vile vile."

Alikuwa akigeuza kifuniko, anatazama masizi.

"Lile la HAPANA?"

"Ndilo."

"Na siku ya mkutano ulikuwa wapi?"

"Mlangoni. Nimeshika printa."

Akakiweka kifuniko chini.

"Mimi kila Ramadhani ikiingia humsamehe Zuhura kwa lile. Kwa jina lake. Kisha Idi ikifika namwambia, Zuhura, nimekusamehe. Miaka yote hii namsamehe mtu ambaye hakunikosea, na wewe ukipita hapa wanisabahi."

"Ndiyo."

"Naye akiniambia, ahsante, dada."

"Najua. Nilikuwepo Idi moja."

Akafuta macho kwa ncha ya leso, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka. Nadhani alikuwa akifanya yote mawili, na funguo zikawa zinalia kiunoni.

"Wewe nitakusamehe," akasema mwishowe. "Si yeo. Hesabu masinia."

Nikahesabu. Yalikuwa thelathini na nne. Akageuka akatazama skrini, uso karibu na kioo.

"Yalitoka thelathini na tano. Hesabu tena."

Nikahesabu tena, nikatazama ndani ya Kadhi, nikatazama chini ya mkokoteni. Thelathini na nne. Bi Maimuna akavaa miwani, akasogeza kibodi, akaandika kwa kidole kimoja jina langu, la baba yangu na la babu yangu, na mbele yake sinia moja, akahifadhi. Kisha akafunga stoo.